Mkojo Mweusi, Watoto wa Ami na Daktari Garrod



Ndugu msomaji, usishangae kuona mwanafunzi wa Masomo ya Kiislamu anaandika juu ya mkojo. Muhula huu tulipofika mlango wa mahaarimu, yaani wanawake ambao mwanamume haruhusiwi kuwaoa, mwenzetu anayesoma udaktari, ambaye huhudhuria darsa zetu za jioni msikitini, aliuliza swali lililotugawa. Ikiwa madaktari wanasema ndoa ya watoto wa ndugu huleta maradhi, mbona Sharia haikuiharamisha? Wapo waliomjibu kwa hasira kana kwamba ameitukana dini. Wapo waliosema hizo ni njama za wasiotutakia mema. Hakuna aliyeuliza jambo jepesi zaidi: hao madaktari walijuaje? Nilikwenda maktaba kutafuta hilo, nikakutana na Mwingereza anayeitwa Archibald Garrod. Kwa wanafunzi wa tiba si mgeni. Kwa sisi wa fiqhi ni mgeni, na naona ni vizuri tumjue kabla hatujarudi kwenye ubishi wetu.

Kijana wa nyumba ya madaktari

Garrod alizaliwa London mwaka 1857. Baba yake, Alfred Baring Garrod, alikuwa daktari mashuhuri aliyeonyesha kwamba wagonjwa wa jongo wana asidi ya yuriki nyingi katika damu. Kwa hiyo mtoto alikua katika nyumba ambamo ilikuwa kawaida kupima kilichomo ndani ya damu na mkojo ili kuelewa ugonjwa. Alisoma sayansi Oxford, kisha udaktari katika Hospitali ya St Bartholomew's, London, na baadaye akafanya kazi pia katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street.

Kilichompendeza kilikuwa rangi za mkojo. Madaktari wengi wa zama zake waliliona jambo hilo kuwa la pembeni. Mtu anayetaka jina alifanya upasuaji au aliwinda vijidudu, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa enzi ya Pasteur na Koch, ambapo kila ugonjwa ulitafutiwa kijidudu chake. Garrod alikaa na vichupa vyake vya mkojo, miaka na miaka.

Nepi iliyogeuka nyeusi

Kuna hali inayoitwa alkaptonyuria. Mwenye nayo hukojoa mkojo wa kawaida, lakini ukikaa hewani hugeuka kahawia iliyokoza, halafu mweusi kama wino. Nepi za mtoto mwenye hali hii hubaki na madoa yasiyotoka. Ni hali adimu. Makadirio ya kawaida ni mtu 1 kati ya 250,000 hadi 1 kati ya milioni moja. Wanakemia walikwisha kuijua dutu inayoleta weusi huo, nayo ni asidi ya homojentisiki, iliyotambuliwa mwaka 1891. Swali lilikuwa inatoka wapi. Jibu lililokubaliwa na wengi lilikuwa jibu la zama hizo: kuna vijidudu tumboni vinavyoitengeneza. Yaani ni maambukizo.

Garrod hakuridhika. Aliona kwamba wenye hali hii wanayo tangu utotoni na hawaponi, lakini pia haiwaangushi kitandani kama maambukizo. Tena ilitokea kwa ndugu wawili au watatu wa nyumba moja huku wazazi wao hawana. Kisha akapata nafasi ambayo mtafiti huiombea dua. Mama wa mtoto mmoja aliyekuwa akimfuatilia alikuwa mjamzito tena. Garrod akapanga nepi za mtoto mpya zikaguliwe tangu saa za mwanzo. Mtoto alizaliwa tarehe 1 Machi 1901, na haukupita muda mrefu madoa yakaanza kuonekana, mtoto akiwa bado na umri wa kuhesabika kwa siku. Kijidudu gani kingeweza kuhamia, kuzaliana na kutawala tumbo la kichanga kwa haraka hivyo, halafu kisimguse mama anayembeba? Mtoto yule alikuja nayo.

Halafu akawauliza wazazi swali ambalo pengine wengine wangeona aibu kuliuliza: je, nyinyi ni ndugu? Wakasema ndiyo, ni watoto wa ndugu. Akarudi kwenye familia nyingine alizozijua na alizozisoma katika maandishi ya wenzake, akakuta jambo lile lile mara nyingi mno kuliko inavyoweza kuwa bahati tu, katika nchi ambayo ndoa za namna hiyo zilikuwa chache. Hapo alitulia, na ninampendea hapo. Hakukimbilia kusema ndoa ya ndugu ndiyo inayozaa ugonjwa. Watoto wengi wa ndoa hizo walikuwa salama, na baadhi ya wenye mkojo mweusi wazazi wao hawakuwa ndugu. Alijua ameshika ncha ya uzi, na mwisho wake bado haujulikani.

Aliyemsaidia kuuvuta ni William Bateson wa Cambridge. Mwaka 1900 ndipo wataalamu walipozigundua upya kazi za Gregor Mendel, mtawa aliyepanda njegere na kuchapisha matokeo yake mwaka 1866 bila watu kujali. Bateson aliona kwamba habari za Garrod zinalingana na kanuni ya Mendel juu ya sifa zinazojificha. Mwaka 1902 Garrod akachapisha makala yake katika jarida la Lancet. Hiyo inahesabiwa kuwa mara ya kwanza ugonjwa wa binadamu kuelezwa kwa kanuni hiyo.

Kanuni yenyewe nitaieleza kwa maneno yangu, wenzangu wa tiba wanivumilie. Kila mmoja wetu ana nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Katika sifa inayojificha, nakala moja ikiwa na hitilafu na ya pili nzima, mtu haumwi. Ni mbebaji tu, na huenda asijue mpaka anazikwa. Wabebaji wawili wa hitilafu ile ile wakioana, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa mtoto kupata nakala mbili mbovu. Nasema kila mimba. Si kwamba wakishapata mmoja mgonjwa basi watatu wanaofuata wamesalimika, kama baadhi ya wazee wanavyojifariji.

Sasa watoto wa ndugu wanaingiaje? Wao wana babu na bibi mmoja, na kwa wastani wanashirikiana sehemu 1 kati ya 8 ya jeni zao. Hitilafu ambayo ni adimu mjini huenda si adimu ukooni. Kama babu aliibeba, wajukuu wawili wanaweza kuirithi kwa njia mbili, na wakioana zinakutana. Ndoa yao haitengenezi hitilafu. Inaipa nafasi ya kukutana na mwenzake. Tofauti hii ni ndogo kwa maneno lakini kubwa kwa maana, na nusu ya ubishi wetu wa ile jioni ungeisha kama tungeijua.

Hotuba za 1908

Mwaka 1908 Garrod alitoa hotuba katika Chuo cha Kifalme cha Madaktari, London, na mwaka uliofuata zikawa kitabu. Alikusanya hali nne: alkaptonyuria, sistinuria inayoleta mawe ya mkojo, pentosuria ambapo sukari ya namna fulani hutoka kwenye mkojo bila madhara, na ualbino. Akaziita makosa ya kuzaliwa nayo ya metaboli, yaani ya kazi ya mwili kuvunjavunja na kujenga dutu mbalimbali.

Wazo lake linaeleweka kwa aliyewahi kuona makuli wakipakua lori kwa kupokezana magunia. Wa kwanza anampa wa pili, wa pili anampa wa tatu. Akikosekana wa tatu, magunia yanarundikana kwa wa pili, na mwisho wa mstari hakuna kitu kinachofika. Mwilini makuli hao ni vimeng'enya, na kila hatua ina wake. Katika alkaptonyuria anakosekana kuli wa kuivunja asidi ya homojentisiki, basi inarundikana na kutoka kwenye mkojo. Garrod alisema hivi kabla ya mtu yeyote kuweza kukithibitisha kimeng'enya hicho. Uthibitisho ulikuja mwaka 1958, na jeni yenyewe ikapatikana mwaka 1996. Dawa ya kupunguza asidi hiyo, nitisinoni, iliidhinishwa Ulaya kwa ajili ya wagonjwa wazima wa alkaptonyuria mwaka 2020. Wanaihitaji kweli, kwa sababu miaka ikipita asidi ile huingia kwenye gegedu na kuharibu viungo na uti wa mgongo.

Nisimame kidogo kwenye ile ya nne. Ualbino ni upungufu wa melanini, rangi inayotengenezwa mwilini kutokana na tairosini. Hiyo ni dutu ile ile ambayo, ikipita njia nyingine, huishia kwenye asidi ya mkojo mweusi. Yaani mwaka 1908 daktari alikwisha kuweka ualbino kwenye meza moja na mkojo mweusi: jambo la kemia na urithi, baba na mama wote wawili wameshiriki, hakuna siri nyingine. Tangu hapo imepita zaidi ya miaka mia moja. Na katika miaka hii hii ya 2000, nchini Tanzania na Burundi, watu wenye ualbino wamekatwa viungo na kuuawa kwa sababu ya waganga waliouza uongo kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Tanzania hali hii si adimu. Makadirio yanayotajwa sana ni mtu 1 kati ya 1,400. Na kabla ya mapanga huwa kuna jambo jingine la kimyakimya ambalo hata sisi Waislamu tunalifanya: mama anajifungua mtoto mweupe, na ukoo wa mume unaanza kumwuliza amemtoa wapi.

Mtu ambaye hakusikilizwa

Ungedhani baada ya hotuba zile dunia ilisimama kumsikiliza. Haikusimama. Madaktari waliona amekusanya vioja adimu visivyohusu wagonjwa wao wa kila siku, na wanasayansi wa urithi walikuwa wakishughulika na mimea na nzi. Heshima alipewa, lakini heshima na kusomwa ni vitu viwili. Aliingizwa katika Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi mwaka 1910, akapewa cheo cha Sir mwaka 1918, na mwaka 1920 akawa profesa mkuu wa tiba Oxford.

Kati ya miaka hiyo ilipita Vita Kuu ya Kwanza. Garrod alihudumu Malta kama daktari mshauri wa jeshi. Watoto wake wa kiume walikuwa watatu. Wawili walikufa vitani, na wa tatu akafa kwa homa ya mafua mwaka 1919. Alibaki na binti, Dorothy, ambaye baadaye alichimba mapango ya Mlima Karmeli huko Palestina, na mwaka 1939 akawa mwanamke wa kwanza kuwa profesa Cambridge. Baba hakuishi kuliona hilo. Alifariki mwaka 1936.

Miaka mitano baada ya kifo chake, mwaka 1941, Wamarekani George Beadle na Edward Tatum walionyesha kwa kutumia kuvu wa mkate kwamba jeni huongoza kazi ya kimeng'enya. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1958, na Beadle alisema wazi kwamba Garrod alikwisha kulitambua jambo hilo zamani.

Wakati huo wengine walikuwa wameshaanza kuokoa watoto kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1934, Norway, mama mwenye watoto wawili wenye ulemavu wa akili alikataa kunyamazishwa na madaktari. Alisisitiza kwamba mkojo wao una harufu ya ajabu. Daktari Asbjørn Følling alimsikiliza, akaupima, akakuta dutu isiyostahili kuwemo. Ugonjwa huo leo unaitwa fenilketonyuria: anakosekana kuli wa hatua ya mapema zaidi, anayebadilisha fenilalanini kuwa tairosini. Miaka ya 1950 Horst Bickel na wenzake kule Birmingham walionyesha kwamba chakula maalumu chenye fenilalanini kidogo kinasaidia, na miaka ya 1960 Robert Guthrie wa Marekani akaleta kipimo cha tone la damu kutoka kisigino cha kichanga. Mtoto akigunduliwa katika siku zake za mwanzo na akalishwa hivyo, anakua na akili zake timamu. Kosa ni la kuzaliwa nalo, lakini madhara yake yanazuilika.

Na hapa kwetu? Wengi wetu tumewahi kuumwa malaria. Dawa ya primakwini huwavunjia chembe nyekundu za damu watu wenye upungufu wa kimeng'enya kinachofupishwa G6PD, na sababu hiyo ilibainishwa mwaka 1956. Upungufu huo umeenea zaidi sehemu za malaria, Afrika ikiwemo. Garrod alikwisha kuandika kwamba kila mtu ana kemia yake kama alivyo na sura yake, na kwamba watu hutofautiana katika namna wanavyoathiriwa na dawa.

Turudi kwenye mahaarimu

Aya ya 23 ya Suratun-Nisaa imeorodhesha walioharamishwa, na watoto wa ami, shangazi, mjomba na khalati hawamo. Aya ya 50 ya Suratul-Ahzaab inawataja waziwazi kuwa halali kwa Mtume (swalla Allahu alayhi wa sallam), naye alimwoa Zaynab bint Jahsh, binti wa shangazi yake. Hukumu ya uhalali haina utata, na wala Garrod hakutaka iharamishwe.

Lakini wenzangu walioghadhibika ile jioni walisahau wanachokisoma wenyewe. Sisi wa Afrika Mashariki wengi wetu ni Mashafii. Imam an-Nawawi katika Minhaaj, anapotaja sifa zinazopendekezwa za mchumba, anataja kwamba asiwe jamaa wa karibu. Imam al-Ghazali katika Ihyaa anasema mfano wa hayo, na anaitaja sababu kuwa ni mtoto kuzaliwa dhaifu. Maelezo yao hayakuwa ya jeni; walisema matamanio baina ya waliolelewa pamoja hupungua. Na ile kauli inayonasibishwa na Mtume juu ya jambo hili, Ibn as-Salaah alisema hakuiona kuwa na asili ya kutegemewa, basi tusiipandishe mimbari. Hata hivyo ushauri wenyewe umo vitabuni karne nyingi kabla ya vichupa vya Garrod. Halali ni halali, na inaweza kuwa halali ambayo mafakihi walikushauri uitazame mara mbili.

Hatari yenyewe ni ya ukubwa gani? Utafiti wa Bradford, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2013 na kufuatilia watoto zaidi ya 11,000, ulikuta kwamba kasoro za kuzaliwa nazo zilikuwa kama asilimia 3 kwa jumla, na kwa watoto wa ndoa za binamu zilifika kama asilimia 6. Mara mbili. Anayesema hakuna hatari anasema uongo. Na anayemwambia binti aliyeolewa na mtoto wa ami yake kwamba atazaa walemavu tu anasema uongo pia, maana 94 kati ya 100 hawakuwa na kasoro hizo. Ila wastani huo hauufai ukoo ambao tayari una mtoto mgonjwa, wala ukoo ambao umeoana wenyewe kwa wenyewe vizazi vitatu vinne. Kwao hesabu ni nzito zaidi.

Kuna hadithi ya Abu Hurayra, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ambayo baadhi ya wahubiri wetu wanapenda kuitangaza kuwa muujiza wa sayansi ya jeni. Bedui alimjia Mtume (swalla Allahu alayhi wa sallam) akalalamika kwamba mkewe amezaa mtoto mweusi. Mtume akamwuliza kuhusu ngamia wake na rangi zao. Walikuwa wekundu, lakini miongoni mwao wapo wa kijivujivu. Wametoka wapi? Bedui akasema huenda ni mshipa wa asili umewavuta. Mtume akamwambia basi na mwanawe huenda ni hivyo hivyo. Mimi naona tukiifanya hadithi hii kuwa darsa la biolojia tunaipunguza. Imam al-Bukhari ameiweka katika mlango wa mtu anayedokeza kumkana mtoto, na wanazuoni wametoa humo hukumu: haifai kumkana mtoto wala kumtuhumu mama kwa sababu ya tofauti ya rangi peke yake. Mtume alimjibu kwa kitu ambacho Bedui alikijua kuliko wote, mifugo yake, na heshima ya mwanamke yule ikasalimika.

Mtaani kwetu yupo mama aliyerudishwa kwao baada ya kuzaa mtoto wa pili mwenye ualbino. Mume hakumtuhumu kwa mdomo. Aliacha tu dada zake waseme. Mume huyo huswali safu ya kwanza. Kwa elimu ya Garrod, mtoto yule amepata nakala moja kwa mama na moja kwa baba, na baba ndiye anayeondoka na nakala yake kwenda kuoa kwingine. Kwa fiqhi, maneno ya dada zake yana hatari ya kuingia katika kutuhumu zinaa bila mashahidi, na hilo lina adhabu yake katika Suratun-Nuur.

Kwa walio katika hatua ya posa, Saudi Arabia imelazimisha vipimo vya selimundu na thalasemia kabla ya ndoa tangu mwaka 2004, na wachumba wakishajua majibu wanaachiwa waamue wenyewe. Kwetu vipimo vya magonjwa mengi ya metaboli ni ghali au havipo, lakini cha selimundu kinapatikana katika hospitali nyingi kubwa. Lililo bure ni lile swali la Garrod. Kabla ya mshenga hajarudi mara ya pili, nenda kwa bibi, mzaa baba na mzaa mama, na daftari. Andika watoto waliokufa wachanga na dalili zao, waliochelewa kutembea au kusema, waliokuwa na mkojo au harufu isiyo ya kawaida, waliovimba viungo mapema, nani alioa kwa nani. Bibi wanakumbuka. Ukikuta jambo limejirudia pande zote mbili, lipeleke kwa daktari pamoja na daftari lenyewe, kabla ya siku ya nikahi kutangazwa.

Wabillahi tawfiq.